Kuweka lami juu ya makoro: kuchagua na kukagua vifaa vya barabara za Goma

Barabara ya Goma, mji uliojengwa juu ya makoro (mawe ya lava), ikianza kutoboka, wa kwanza kulaumiwa ni lami. Mara nyingi inaonewa. Katika mchanganyiko wa lami ya moto, lami yenyewe ni asilimia 5 hadi 6 ya uzito. Kilichobaki ni mawe, na chini ya mawe kuna msingi ambao maji ama yanaupita ama yanaukalia. Ndiyo maana hapa tunaanza na maji, tunakwenda kwenye jiwe, halafu ndiyo tunafungua mapipa ya lami.

Maelezo haya ni ya mtu anayesimamia kazi: fundi wa OVD (ofisi ya serikali ya barabara za miji na mitaro), kiongozi wa shantye (mahali pa kazi), injinia kijana anayekagua kazi ya kampuni, hata kamati ya avenue iliyochanga pesa na inataka kujua iulize nini.

Maji na msingi

Goma haina mto unaopita mjini. Maji ya mvua hushuka kutoka upande wa volkeno ya Nyiragongo, mengine yakazama kwenye makoro, mengine yakakusanyika kwenye vibonde ambavyo mlipuko wa 2002 na ujenzi uliofuata uliviziba. Kanivo (mtaro wa pembeni) isiyo na mahali pa kumwaga haisaidii kitu, inahifadhi maji tu pembeni mwa barabara. Mvua kubwa ikinyesha, tembea kwenye avenue hiyo ukayafuate maji hadi yanapoishia. Kama hayana njia ya kufika ziwani, yachimbiwe shimo la kunyonya, lishuke mpaka kwenye mwamba wenye nyufa. Kabla ya shimo hilo weka kisima kidogo cha kutuliza mchanga, tena chenye mfuniko unaofunguka. Bila kisima, mchanga mweusi utaliziba shimo haraka, na maji yatarudi chini ya lami.

Mgongo wa barabara uinuke kwa asilimia 2.5 kila upande. Kwa barabara ya mita 7, maana yake katikati iko juu ya ukingo kwa sentimita 8.75. Pima kwa kamba na rula kwenye msingi, kabla ya lami. Mteremko uliokosewa kwenye msingi haurekebishwi kwa kuongeza lami; utapata tu sehemu nene inayobonyea.

Kuna jambo ambalo vitabu vya nje havilisemi sana: chini ya ukoko wa lava kunaweza kuwa na uwazi. Aidha matetemeko yaliyofuata mlipuko wa 22 Mei 2021 yalifungua nyufa katika barabara kadhaa za mji. Pitisha rulo nzito polepole, bila mtetemo, mtu akitembea kando yake akiangalia na kusikiliza. Panapobonyea au panapotoa mlio wa kitu kitupu, toboa kwa nyundo ya hewa, vunja ukoko, jaza mawe makubwa kisha madogo, shindilia, ndipo uendelee. Usizibe ufa kwa saruji juu juu.

Tabaka la juu la msingi liwe lava ngumu iliyosagwa, 0/31.5 (vipande vya kuanzia 0 hadi milimita 31.5), yenye CBR (kipimo cha uwezo wa kubeba mzigo) isiyopungua 80 na iliyoshindiliwa hadi asilimia 98 ya Proctor modifie (kipimo cha labo cha ushindiliaji). Yale mawe mepesi yenye matundu, meusi au mekundu, yanayotumika kufyatulia matofali, yanafaa kwenye tabaka la chini kwa sababu yanapitisha maji. Ila chini ya rulo husagika. Chekecha sampuli kabla ya kushindilia na nyingine baada. Ukiona unga umeongezeka sana, yasikae karibu na lami.

Kuchagua jiwe

Mto mmoja wa lava hutoa mawe ya aina mbili. Sehemu ya juu ilipoa haraka, gesi ikanaswa ndani, jiwe likabaki na matundu. Katikati ilipoa polepole, jiwe likawa zito, la kijivu kizito, lisilo na matundu mengi. Kwa tabaka la juu unataka la katikati. Kwenye karieri (machimbo ya mawe) yote mawili yanapita katika mashine moja ya kusaga na kuanguka kwenye lundo moja, ila kama umesimama pale na kukataa. Gonga kwa nyundo: zuri hulia kama chuma na kupasuka kwa makali, baya hutoa sauti nzito na kuacha unga.

Halafu upime unywaji wa maji, kazi isiyohitaji labo kubwa. Chukua kilo 2 hivi za kokoto 10/14, zioshe, ziloweke saa 24. Zitoe, zifute kwa kitambaa hadi mng'ao wa maji upotee juu ya jiwe, pima. Zikaushe kwenye sufuria mpaka uzito usishuke tena, pima mara ya pili. Kama zilikuwa gramu 2,050 na sasa ni 2,000, zimekunywa gramu 50, yaani asilimia 2.5. Chini ya 2 ni salama. Kati ya 2 na 3, labo lazima ihesabu upya kiasi cha lami. Zaidi ya hapo, peleka jiwe hilo kwenye ukuta.

Sababu ni kwamba jiwe linalokunywa maji linakunywa na lami, kwa kawaida karibu nusu ya kiasi hicho. Jiwe la asilimia 3 linaweza kumeza lami ya asilimia 1.5, na ile uliyoipanga kwa ajili ya kushikanisha mawe haipo tena. Ubaya wake ni kwamba haionekani siku ya kazi. Mchanganyiko unatoka kwenye mashine mweusi, unang'aa, kila mtu anafurahi. Ukikaa ndani ya kamioni dakika arobaini unafika umefifia, una rangi ya kahawia pembeni, na baada ya mvua chache kokoto zinaanza kung'oka moja moja chini ya matairi ya pikipiki. Kwa hiyo labo inapotengeneza sampuli za Marshall (vipande vya mchanganyiko vinavyoshindiliwa kwa nyundo ili vipimwe nguvu) kwa jiwe la Goma, iache mchanganyiko ukae ovenini kwenye joto la kushindilia angalau saa 2 kabla ya kupiga nyundo. Hapo jiwe linakunywa kwanza, na hesabu inakuwa ya kweli.

Vipimo vingine vya kudai kwenye karatasi: Los Angeles (kipimo cha jiwe kusagika) isiyozidi 25 kwa tabaka la juu la barabara yenye malori (30 inavumilika kwenye avenue za ndani), kokoto bapa zisizidi asilimia 20 hadi 25, mchanga uwe na kipimo cha usafi, ule wa kulinganisha mchanga na udongo, cha 60 au zaidi. Kwa Los Angeles ni hivi: kilo 5 za kokoto huzungushwa ndani ya ngoma na mipira ya chuma mara 500. Kinachopita chekeche ya milimita 1.6 kikifika kilo 1.25, umefika kwenye 25.

Vumbi ni adui wa bei rahisi. Shika kokoto mkononi, zisugue. Kiganja kikibaki cheupe au cheusi kwa unga, zioshwe. Lami hujishika kwenye vumbi, na vumbi halijashika jiwe.

Malizia kwa kipimo cha kuchemsha. Paka kokoto lami, ziache zipoe, zitie kwenye maji yanayochemka kwa dakika 10, mwaga maji, zitandaze juu ya karatasi nyeupe. Kama unaona sehemu nyingi za jiwe zimebaki wazi, mvua itafanya vivyo hivyo. Tiba ni chokaa iliyozimwa, asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa mawe, badala ya sehemu ya unga wa mawe. Au dawa ya kushikisha inayochanganywa ndani ya lami, kwa kawaida asilimia 0.3 hadi 0.5 ya uzito wa lami. Lava nyeusi hushika lami kuliko mawe meupe ya kwatzi, lakini usikubali kwa imani. Pima.

Mapipa na karatasi zake

Mikataba ya Kongo huandikwa kwa Kifaransa na hutaja viwango vya NF EN, yaani vya Ulaya vinavyotumika Ufaransa, ambavyo huita lami kwa namba kama 50/70. Mapipa hufika Goma kwa barabara kupitia nchi za mashariki, na karatasi zake mara nyingi zinataja 60/70 kwa kiwango cha Marekani. Hapo ndipo ubishi huanza, na hauna haja ya kuwa mrefu. Namba hizo zote ni kina ambacho sindano yenye gramu 100 huingia ndani ya lami ya nyuzi 25 kwa sekunde 5, kikihesabiwa kwa sehemu za kumi za milimita. Lami ya 60/70 inaingia ndani ya mipaka ya 50/70. Ikubali, ila idai na kipimo cha kulainika, yaani joto ambalo lami hulainika: kwa 50/70 ya NF EN 12591 kiwe kati ya nyuzi 46 na 54, na kwa 35/50 kati ya 50 na 58.

Ipi kwa ipi? Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, usiku ni baridi, mchana si mkali kama wa Lubumbashi mwezi wa kumi. Kwa avenue nyingi 50/70 inatosha. Mahali malori yanapotambaa au kusimama, kwenye vizuizi vya mpakani na kwenye miinuko, 35/50 hustahimili zaidi kuchimbwa na magurudumu. Lami laini ya 80/100 isitumike kwenye lami ya moto ya barabara ya malori, hata kama ndiyo iliyopo sokoni.

Karatasi ya kiwanda inaeleza lami ilivyokuwa siku ilipotoka. Haijui pipa lilikaa juani miezi mingapi, wala kama lilishachemshwa likapoa. Chagua mapipa kadhaa bila kumwambia mtu, chukua sampuli ya lita moja kila moja, weka alama, peleka labo. Kama sindano inaingia 35 wakati karatasi inasema 65, lami hiyo imeungua. Pima pia uzito: pipa huwa na kilo kati ya 150 na 200, na bei yako inategemea ni ngapi hasa.

Hatari ya pipa lenye kutu ni maji. Kwa mwinuko wa Goma maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na lita moja ya maji huwa mvuke wa zaidi ya lita 1,600. Lami inafura, inamwagika kwenye moto, inawaka. Pasha polepole hadi nyuzi 110, subiri povu liishe, ndipo upandishe. Usijaze tangi zaidi ya theluthi mbili. Lami ikiwaka, zima kwa mchanga au poda, maji yatairusha. Mtu akiungua, poza sehemu hiyo kwa maji baridi kwa muda mrefu na umpeleke hospitali lami ikiwa bado imeganda kwenye ngozi. Asiibandue mtu.

Juu ya nyuzi 180, 50/70 inazeeka kwa kasi. Fundi anayepandisha moto ili kazi iende mbio anakutengenezea nyufa.

Tabaka zisizoonekana

Juu ya msingi wa mawe huja lami ya kupenyeza, yaani lami nyepesi iliyochanganywa na mafuta ya taa (kwenye mikataba huitwa cut-back 0/1, au MC-30), kilo 0.8 hadi 1.2 kwa mita mraba. Fagia msingi, nyunyiza maji kidogo tu ili vumbi litulie, mwaga lami, funga barabara saa 24 hadi 48. Ikibaki vidimbwi, umezidisha; paka mchanga ukanyonye. Ikipenya chini ya milimita 5, msingi ulikuwa na vumbi au maji mengi.

Kati ya tabaka na tabaka ni emulsio (lami iliyochanganywa na maji) ya kugandisha. Unataka ibaki lami safi gramu 300 kwa mita mraba. Kwa emulsio yenye lami asilimia 65, hiyo ni kilo 0.46. Ikimwagwa huwa ya kahawia. Subiri iwe nyeusi, maana maji yake yameondoka. Kamioni ikipita juu yake mapema, inaiondoa yote kwa matairi, na unabaki na mistari miwili isiyo na gundi pale pale gurudumu litakapopita kila siku.

Kiasi hakikaguliwi kwa macho. Weka chini ya njia ya gari la kunyunyiza bati la sentimita 50 kwa 50, lililopimwa uzito. Gari likishapita, lipime tena. Tofauti ikizidishwa mara 4 ni kilo kwa mita mraba. Weka mabati matatu: kushoto, katikati, kulia. La katikati likiwa na mengi na la pembeni machache, midomo ya bomba imeziba, nayo huzibuliwa kwa mafuta ya taa na sindano ya shaba kabla ya kuendelea.

Lami ya moto au lami ya kunyunyiza?

Si kila avenue inahitaji lami ya moto. Kama hakuna malori na msingi ni mzuri, tabaka mbili za lami ya kunyunyiza na kokoto juu zinafanya kazi kwa gharama ndogo zaidi. Pa kuanzia: kokoto 10/14, lita 10 hadi 11 kwa mita mraba, kisha 4/6, lita 6 hadi 7, na lami safi karibu kilo 2 kwa jumla. Rulo la matairi lipite mara moja kokoto zikishamwagwa, na magari yaende polepole siku za kwanza. Kwenye makutano ambapo magari yanakata kona kwa nguvu, tabaka hii hung'oka. Hapo weka lami ya moto.

Kwa lami ya moto, BBSG (mchanganyiko wa Kifaransa wa tabaka la juu) 0/10 huwekwa sentimita 5 hadi 7, na 0/14 sentimita 6 hadi 9. Ukiona mtu anaweka 0/14 kwa sentimita 4, kokoto zitavunjika chini ya rulo na maji yatapita katikati. Kwa Marshall, kwa barabara ya malori (mapigo 75 kila upande), nguvu isipungue kilonyutoni 8, mbonyeo uwe milimita 2 hadi 3.5, nafasi za hewa asilimia 3 hadi 5. Kuhusu maji, kipimo cha Duriez (nguvu ya sampuli iliyoloweshwa ikigawanywa kwa ya kavu) kibaki na 0.70 au zaidi. Kwa jiwe la matundu mimi ningekiangalia hiki kabla ya vingine vyote.

Mtego mmoja wa karatasi: Wafaransa wa zamani walihesabu lami kwa asilimia ya mawe makavu, na EN inahesabu kwa asilimia ya mchanganyiko mzima. Lami 5.5 kwa hesabu ya kwanza ni 5.2 tu kwa ya pili. Tuchukue avenue ya mita 100 kwa 6, unene sentimita 5: ni mita za ujazo 30, na kwa uzito wa tani 2.35 ni tani 70.5. Lami kwa 5.5 ya mchanganyiko mzima ni kilo 3,880 hivi, mapipa 22 ya kilo 180. Ukichanganya hesabu hizo mbili, unakosa kilo 200, pipa zima na zaidi, bila mtu yeyote kuiba. Ongeza asilimia 3 hadi 5 ya hasara.

Siku ya kumwaga

Mchanganyiko wa 50/70 utoke kwenye mashine ukiwa kati ya nyuzi 150 na 170, ufike juu ya 140. Pima katikati ya mzigo, si juu, kwa termometa ya kuchoma. Moshi wa bluu maana yake umeungua. Mvuke mweupe maana yake mawe hayakukauka. Kokoto zilizovaa nusu maana yake ni baridi. Mzigo wa aina hiyo unarudi. Kamioni zote ziwe na turubai, na sanduku lisafishwe kwa maji ya sabuni. Dizeli huyeyusha lami, na pale ilipodondoka patakuwa shimo.

Anza asubuhi. Mvua za Goma hupenda mchana, na upepo wa ziwani hupoza tabaka ya sentimita 5 kabla hujageuka. Una dakika 15 hadi 25 za kushindilia kwa maana. Chini ya nyuzi 90 hivi rulo linapasua tu. Mashine ya kutandaza iache unene wa sentimita 6 ili upate 5. Kwa mkono acha kama 6.5. Rulo la chuma lianze mara moja nyuma ya mashine, kutoka ukingoni kwenda katikati, kilomita 3 hadi 5 kwa saa, gurudumu lenye nguvu likitangulia. Linafuata la matairi, halafu la chuma la kumalizia. Rulo lisisimame juu ya lami ya moto, hata dereva akiitwa na simu.

Mwisho wa kazi ya siku, kata ukingo wima kwa msumeno na uupake emulsio kesho yake. Viungo vilivyoachwa na mteremko wa mkono ndipo maji huingia kwanza.

Kukagua kabla ya kulipa

Weka rula ya mita 3 juu ya barabara, kwa urefu na kwa upana: uwazi usizidi milimita 5. Siku ya pili au ya tatu kata vipande vya sentimita 10 kwa mashine, kwenye sehemu ambazo wewe umechagua, kimoja kikiwa karibu na kiungo. Angalia unene, angalia kama kimeshikana na tabaka ya chini au kinaachia mkononi, kisha labo ipime uzito: ushindiliaji usipungue asilimia 97 ya Marshall, hewa isizidi 8. Kipande kikiwa na hewa ya 11, maji yatapita humo, na katika mji huu yatakuja mapema. Kausha shimo kwa kitambaa, lipake emulsio, jaza mchanganyiko wa moto kwa tabaka mbili na ugonge kila moja.

Magari yaingie tabaka likishashuka chini ya nyuzi 50. Chukudu (baiskeli za mbao za kusukuma) zenye mzigo wa mbao zinaweza kuacha alama hata baada ya hapo juani, hivyo mlinzi abaki hadi jioni.